Wafalme wa Mashariki na Mkono wa Sekela

Mwezi uliopita nilitoka kanisani kabla ya sadaka, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nibatizwe. Mhubiri alikuwa mgeni, kijana aliyevaa suti ya kumbana, na alikuwa ametundika ukutani shuka jeupe ambalo mashine yake ililimulikia ramani ya dunia. Mishale myekundu ilitoka kila upande ikielekea Yerusalemu. Alitaja vita vinavyopiganwa sasa, nchi moja baada ya nyingine, na kila nchi akaipachika mnyama wake. Nilivumilia. Kisha mama aliyekaa ubavuni mwangu, ambaye alikuwa na mafua, akafungua kile kikopo kidogo chekundu cha dawa ya Kichina ya kuchua, akajipaka puani, na harufu ya karafuu maiti ikanifikia wakati uleule kijana yule anatamka "wafalme wa kutoka mashariki".

Nikasimama. Mjukuu wangu alinishika kanga akidhani presha imepanda. Labda ilikuwa imepanda. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikayaangalia malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, na ikanirudia hasira ambayo nilidhani imekwisha kuzeeka pamoja nami. Haijazeeka. Ndiyo maana nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokulia huku wakati reli inajengwa, maana mtaelewa bila kuelezwa sana.

Kwetu ni kijiji cha mteremkoni, mwendo wa asubuhi kwa miguu kutoka Mlowo, mahali ambapo kahawa ilipandwa hadi karibu na mlango. Baba alikuwa mkulima mpole, mtu ambaye akisema sentensi mbili kwa mpigo tulijua kuna jambo. Mama alikuwa kinyume chake. Aliimba akipepeta, aliimba akipalilia, na Jumapili sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo kabla mwalimu wa kwaya hajamaliza kukohoa. Watoto tuliobaki hai tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Sekela, aliyenifuata kila niendako akiuliza maswali.

Na alikuwepo Mjomba Gideoni, kaka yake Mama, mwinjilisti wa kanisa letu dogo la udongo na bati. Sitaki mdhani alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo, maana hilo lingerahisisha mambo. Tulimpenda. Alikuwa anakuja na miwa begani, anatugawia vipande sawasawa ili tusigombane. Alinifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kidole changu kikifuata kidole chake kwenye Biblia yake kubwa. Ndiye peke yake kijijini aliyekuwa na redio. Jioni wanaume walikaa barazani kwake wakisikiliza taarifa ya habari, na redio ikishazimwa ili kuokoa betri, Mjomba alianza kuifafanua. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Habari kama habari haikumtosha. Lolote lililosemwa na redio, ilibidi liwe limekwisha kusemwa na Danieli, au Ezekieli, au Yohana kule kisiwani.

Alikuwa na kipande cha turubai alichochorewa na fundi mmoja wa Mbeya. Juu yake kulikuwa na simba mwenye mabawa, chui wa vichwa vingi, dubu mwenye mbavu mdomoni, na mnyama wa mwisho ambaye fundi alishindwa kumwelewa akampa meno kama majembe. Dubu ndiye Mrusi, Mjomba alisema. Sisi watoto hatukuwahi kumwona dubu, na fundi naye hakuwahi, kwa hiyo tulikua tukijua kwamba Urusi inatawaliwa na mbwa mnene asiye na mkia. Alipotaja Gogu na Magogu, wenzangu walifikiria magogo ya kuni. Mimi niliyejiona mjanja nilifikiria Wagogo, kwa sababu nyapara aliyekuja kuandikisha vibarua wa reli alikuwa Mgogo wa Dodoma, mrefu, masikio yake yametobolewa matundu makubwa. Kila nilipomwona barabarani nilijificha kwenye migomba.

Reli ilipofika kwetu, Wachina walipiga kambi bondeni. Mnawakumbuka: wote wamevaa nguo za rangi moja, humjui mkubwa wala mdogo, wote wanabeba mizigo. Baba alipata kibarua cha kuchimba na kusomba kokoto, na msimu ule wa baridi mimi na Sekela tulijifunika blanketi jipya. Ili kujenga daraja, waliukinga mto wetu na kuugeuzia upande mwingine. Pale chini, kina mama walipokuwa wakichota maji, pakabaki mawe matupu na matope yaliyopasuka. Nyapara alieleza kwamba ni kwa muda tu. Lakini wanawake sasa walipanda kilima kufuata chemchemi, na mtu aliyejitwisha ndoo kilimani hapendi kuelezwa habari za muda.

Jumapili iliyofuata Mjomba alifungua Ufunuo, mahali panaposemwa kwamba mto mkubwa utakauka ili wafalme wa mashariki watengenezewe njia. Alisoma polepole. Akafunga kitabu, akanyoosha kidole dirishani kuelekea bondeni. Kina mama wakaguna. Mto umekauka. Njia inatengenezwa. Na hawa watu wametoka wapi, kama si kule linakochomoza jua? Kisha akaunganisha na yale ya redioni, Wayahudi waliouteka Yerusalemu, ndege za Waarabu, manowari za Mrusi, akasema majeshi yote yanasogea mahali pamoja na sisi tumejaliwa kuishi penye barabara yao.

Mzee Haonga, mzee wa kanisa mwenye shamba kubwa la kahawa, ndiye pekee aliyeuliza. Baada ya ibada alisema kwa upole kwamba, kwa kadiri anavyojua, reli inakwenda Zambia, na Yerusalemu iko kaskazini. Mjomba alimjibu kuwa unabii hausomwi kwa dira. Watu wakacheka, Mzee Haonga akacheka nao, na swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika kanisa lile likafia pale mlangoni.

Hilo linanikera mpaka leo. Kila dereva aliyepita Tunduma alijua kwa nini reli inajengwa. Walowezi wa Rhodesia walikuwa wamewafungia Wazambia njia ya kusini. Shaba yao haikuwa na pa kupita, na mafuta yao yalipitia kwetu kwenye mapipa, juu ya malori yaliyokuwa yanapinduka kwenye makorongo na kuua vijana wa watu. Wapigania uhuru wa nchi za kusini walipita barabara hiyohiyo, na sisi watoto tuliwapungia mikono. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vita vyetu, vya kweli, vya jirani, vyenye majina na makaburi. Mjomba hakuwa na neno juu ya watu hao. Hawakuwemo kwenye turubai.

Mimi nilichotaka ni kuyaona mataji ya wale wafalme. Siku moja Mama alitutuma kumpelekea Baba chakula, tukapitia nyuma ya kambi na kuchungulia. Mfalme mmoja alikuwa amechuchumaa kwenye karai anafua fulana. Mwingine alikuwa anamwagilia kabichi kwa kopo lililotobolewa chini. Sekela alininong'oneza kwamba labda hao ni watumwa wa wafalme. Nikamjibu kwamba wafalme wenyewe hufika mwisho, njia ikishakuwa tayari. Tukaondoka tumeridhika. Unabii wa namna ile haukosi mtetezi; hata mtoto wa miaka tisa anaweza kuutafutia jibu.

Mvua zikaanza. Baba na kundi lake walihamishiwa mbele, upande wa Tunduma, akawa anarudi Jumamosi tu. Ndipo Sekela akaumwa. Ilianza kama homa ya kawaida, Mama akampa dawa za mitishamba na kumfunika. Kesho yake asubuhi mwili wake ulikuwa unachoma mkono, kisha akakakamaa, macho yakageuka meupe, mate yakamtoka. Degedege. Zahanati ya Mlowo ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa matope matupu, lakini bondeni, chini ya shamba letu, kulikuwa na daktari wa kambi, na kila mtu alijua kwamba hamfukuzi mgonjwa. Mama alimfunga Sekela mgongoni, akanipa shuka nibebe.

Hatukutoka uani. Mjomba alikuwa anaingia, ameitwa na jirani aje kuomba. Alituona tulivyojifunga safari, akajua tunakokwenda. Hakupaza sauti, na nadhani angepaza Mama angempita. Alimshika bega.

"Dada," alisema, "ukimpeleka kule utaupata mwili wake na utaipoteza roho yake. Wale huweka alama ya mnyama, kwenye paji la uso na mkono wa kuume. Nimekuwa nikiwaambia kila Jumapili."

"Kaka, mtoto anakufa."

"Basi afe akiwa wa Bwana. Lakini hatakufa. Tuombe."

Mama alisimama pale mvua ikimnyeshea. Alikuwa na kaka mmoja tu, aliyemlea baada ya wazazi wao kufa, aliyembeba mgongoni kama yeye alivyombeba Sekela wakati ule. Akafungua kanga. Tukarudi ndani. Mjomba na waumini kadhaa walikaa kitandani kwa mtoto wakiomba kwa zamu, wakiimba, na mimi nilikaa pembeni nikisikiliza meno ya mdogo wangu yakigongana. Kutoka mlangoni kwetu yalionekana mabati ya ile zahanati ya kambi. Kutwa nzima yalionekana.

Kulipokucha Sekela alikuwa ameacha kutetemeka, na Mjomba akasema homa imeshuka. Mama akamwita jina, akamfinya, akamfumbua jicho kwa kidole. Mtoto hakusikia lolote. Mama hakujibizana na mtu. Alimnyanyua kama mzigo wa kuni, akatoka, nami nikamfuata mbio nikiteleza.

Daktari alikuwa mwanamume mfupi wa miwani minene. Alimtazama Sekela mara moja tu, akaanza kufoka kwa lugha yake, si kwa hasira bali kwa haraka. Akachukua sindano nyembamba kama unywele, akamchoma katikati ya paji la uso, na nyingine chini ya pua. Kisha akatafuta mshipa kwenye mkono wa kushoto akakosa, akahamia wa kulia, juu ya kiganja, akamtundikia mpira wenye chupa ya dawa. Nilisimama mlangoni nikajua nimeshuhudia mambo yote mawili, paji la uso na mkono wa kuume, sawasawa na Mjomba alivyosoma. Nikajikojolea.

Aliyeniona ni yule nyapara wa Dodoma, aliyeitwa aje kutafsiri. Gogu mwenyewe. Alivua koti lake akanifunga kiunoni, akanikalisha kwenye boksi, akaniletea wali kwenye bakuli. Sikuwahi kula wali siku isiyo Krismasi. Nikala, nikiwaza kwamba nimekwisha kupotea na kwamba upotevu una chumvi ya kutosha.

Daktari alisema kitu kirefu. Nyapara akamgeukia Mama, akasitasita kwanza.

"Mama, daktari anauliza kwa nini hamkumleta jana."

Mama aliinamisha kichwa. Akachukua shuka nililobeba, akamfunika Sekela miguu.

Sekela alifumbua macho kesho yake. Tulikaa pale mpaka alipoweza kukaa mwenyewe, na daktari akawa anakuja kumpima huku anamwita "rafiki", neno alilolijua vizuri kuliko mengine. Mkono uliochomwa mpira ulivimba, ukatunga usaha, na ulipopona ukaacha kovu linalong'aa kama punje ya harage. Tulipewa kikopo chekundu cha kumchulia mwili maumivu yakimrudia, ndiyo harufu ile. Na sikio lake la kushoto halikurudi. Daktari alilipigia saa yake, akalipigia kijiko, akatikisa kichwa. Nyapara alitueleza kwamba homa ilikuwa imekaa kichwani muda mrefu mno.

Baba aliporudi Jumamosi alimshika mtoto wake mapajani mpaka jioni. Mama, kwa furaha, akaamua kutoa shukrani kanisani. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana Mama alikwenda mwenyewe, hakuna aliyemchongea. Alipeleka jogoo na debe la mahindi, akasimama mbele na kushuhudia kama alivyozoea, kwa maneno mengi, akieleza kila kitu kwa sababu kila kitu kilikuwa muujiza kwake: jinsi mtoto alivyokuwa baridi, jinsi Mungu alivyomtia nguvu za miguu, jinsi daktari alivyomchoma sindano ndogo ya paji la uso akashtuka, na jinsi maji ya uzima yalivyoingia kwa mkono wa kulia. Akaanzisha wimbo. Hakuna aliyeitikia. Aliimba ubeti mzima peke yake kabla hajaelewa.

Mjomba alishuka mimbarini. Alikuja mpaka kwenye benchi letu, akamchukua Sekela, akamsimamisha juu ya kiti cha wazee ambapo wote wangemwona. Akauinua mkono wake wa kulia, wenye bandeji.

"Nani hapa," aliuliza, "bado anasema sikuwaambia?"

Sekela alikuwa na miaka sita. Alidhani anasifiwa kwa kupona. Alitabasamu, akatafuta macho yangu, na mkono wake ukiwa bado juu, mkononi mwa mjomba wetu, akavipunga vidole vyake vilivyovimba. Nimeishi miaka mingi, nimezika watu wengi, na sijaona jambo la kunitia uchungu kuliko vidole vile.

Mama alitengwa wiki hiyohiyo, kwa kosa la kumtoa mtoto kwa adui. Alikatazwa Meza ya Bwana na kukatazwa kuimba. Sekela yeye hakutengwa rasmi, maana hakuna sheria ya kumtenga mtoto, lakini wenzake walikatazwa kumshika mkono kwenye michezo. Jirani mmoja alimwaga maji aliyoletewa na Sekela kwenye kikombe, mbele yake. Walisema mnyama amemziba sikio asisikie Neno. Alijifunza haraka, kama watoto wanavyojifunza: akaanza kuuficha mkono wa kulia chini ya gauni na kupokea vitu kwa wa kushoto. Shuleni akawa anachapwa kwa utovu wa adabu, kwa sababu kwetu mtu hampi mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto. Leo ni bibi mwenye wajukuu, anaishi Itumba, na bado mgeni akimpa kitu ule wa kushoto hutangulia, kisha yeye mwenyewe hushtuka.

Baba alikwenda kwa Mjomba mara moja tu. Nilikuwa naye. Mjomba alimtaka aache kazi ya reli, akasema hapo mambo yangeanza kulainika. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "mimi nabeba kokoto. Kama mwisho wa dunia unasubiri kokoto zangu, basi si Mungu anayeuleta."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizomsikia akitoa. Hakukanyaga tena nyumba ile.

Daraja likaisha, na mto ukarudishwa mahali pake. Nilisubiri Mjomba aeleze imekuwaje mto uliokaushwa kwa unabii ukarudi na vyura wake. Hakueleza. Kazi ya kwetu ilipomalizika, kambi ikavunjwa na wale wafalme wakaondoka na mabegi yao ya turubai, yule daktari akiwa nyuma ya lori amekumbatia sanduku la dawa. Kabichi zao zilibaki shambani, na waumini walewale wakashuka bondeni kuzivuna.

Kisha redio ikatangaza vita vya Wayahudi na Waarabu, vikali kuliko vya kwanza. Mjomba alikuwa kama mtu aliyefufuka. Ibada zikawa kila siku, watu wakaacha mashamba wakati wa kuyaandaa, wengine wakachinja mbuzi wa mbegu kwa kuwa hakuna msimu mwingine. Mara redio ikatangaza kwamba silaha zimewekwa chini. Mjomba alizima ile redio na siku kadhaa hakuiwasha. Aliporudi mimbarini alihubiri juu ya uvumilivu. Mwaka huo wengi walikula unga wa njano wa msaada kwa sababu walichelewa kupanda, na hakuna aliyewaambia samahani. Miaka kadhaa baadaye, vita vya Uganda vilipozuka, alimpata mnyama mwingine na turubai likatundikwa tena. Alikufa bila kukosea hata mara moja.

Lakini kabla ya hivyo vita vya Uganda alikuja kwetu, baada ya mavuno, akaketi kwenye kigoda uani. Alikuwa amekonda. Kwa karibu miaka miwili Mama alikuwa anakwenda kanisani kila Jumapili na kukaa nje, kwenye majani chini ya dirisha, akifuata nyimbo kwa midomo bila sauti. Watu walimzoea pale kama walivyozoea jiwe la mlangoni. Mjomba alisema kwa sauti ya zamani, ile ya miwa, kwamba yamepita, kwamba wale wameondoka, kwamba yeye mwenyewe hapendi kumwona dada yake kwenye umande. Asimame tu mbele ya kusanyiko, atubu kwa maneno machache, arudi kundini na kwenye kwaya. Mama alimtazama Baba. Baba akasema kanisa ni lake, aamue mwenyewe.

Jumapili ile Mama alivaa blauzi yake nyeupe. Alitushika mkono sote wawili, tukapita katikati ya mabenchi mpaka mbele. Kanisa lilijaa, maana hakuna kinachojaza kanisa kama mtu anayekuja kutubu. Mjomba alitabasamu, akamkaribisha aseme.

"Ndugu zangu, nimekuja kutubu," Mama alisema. "Mtoto wangu aliumwa, nikajifunga nimpeleke kwa daktari. Kaka yangu akaniambia nisiende, nami nikamsikiliza. Nilikaa kutwa nzima nikimtazama mtoto anakufa, na dawa naiona mlangoni. Siku ile ndiyo dhambi yangu. Natubu kwamba nilichelewa."

Mjomba alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba siyo hilo.

"Ndilo hilo, Kaka. Jingine sina."

Mama akawatazama watu wa mabenchini. Nadhani alikuwa anasubiri mtu yeyote, hata mmoja, aseme kitu. Mzee Haonga aliyejua reli inakwenda wapi alikuwa anaangalia viatu vyake. Wanawake ambao Mama aliwasaidia kujifungua, waliokula jogoo wa shukrani yake, waliangalia ukuta. Mama akageuka, tukatoka kwa njia ileile tuliyoingilia, na hakuna benchi lililolia nyuma yetu. Tangu siku ile hakukaa tena chini ya dirisha lile. Tukawa tunasali Mlowo, kwa miguu, jua na mvua.

Tulikuwa tumefika kwenye kona ya mikahawa Sekela aliponivuta gauni. Kule mbele alikuwa amesimama upande mbaya, sikio lililokufa likimwelekea Mama, na hakuwa amesikia hata neno. Akaniuliza Mama amesema nini mpaka watu wamenuna vile.

Nikahamia upande wake wa kulia, nikamwambia. Akasimama katikati ya njia, akaniambia nirudie. Nikarudia kwa sauti kubwa, nyumba zote za upande ule zikasikia, na Mama aliyekuwa ametangulia hakuniambia ninyamaze.